Mtoto amekosa nafasi ya shule England: rufaa ya haki inavyotakiwa kuendeshwa

Majibu ya nafasi za shule England hutoka Machi kwa sekondari na Aprili kwa msingi. Ukinyimwa, sheria inakupa haki ya kukata rufaa kwa kila shule iliyokukatalia, na hulipi chochote. (Scotland na Wales zina utaratibu wao.) Unapewa angalau siku 20 za shule kuiwasilisha. Wakati huo kubali nafasi uliyopewa kwingine. Haiharibu rufaa, na kuikataa kunaweza kumwacha mtoto bila shule.

Rufaa husikilizwa na jopo huru la watu wasiopungua watatu. Aliyeshiriki kumkatalia mtoto wako hawezi kukaa humo, na mwakilishi wa shule haruhusiwi kubaki na jopo wakati wewe umetolewa nje. Ukiona hivyo, mwambie karani wa jopo papo hapo aandike. Tarehe ya kikao uijue siku 10 za shule kabla, na hoja za shule uzipate kwa maandishi ukiwa na muda wa kuzisoma. Kama Kiingereza cha ofisini kinakusumbua, omba mkalimani mapema; usimtume mtoto akutafsirie kesi yake mwenyewe.

Sasa penye uzito. Wazazi wengi humaliza muda wao kuisifu shule na akili za mtoto, na jopo halipimi hayo. Kwanza linauliza kama shule ilifuata sawasawa vigezo vyake vya kugawa nafasi, kama umbali wa nyumbani, na kama kuongeza mtoto kutaathiri ufundishaji. Hapo ndipo pa kuibana. Umbali ulipimwa kutoka anwani ipi? Miaka iliyopita walipokea wangapi zaidi ya idadi waliyotangaza? Chumba kipi hasa kimejaa? Shule ikisema tu “tumejaa”, haijathibitisha kitu. Ikithibitisha, jopo hupima madhara hayo dhidi ya sababu zako, kwa hiyo njoo na barua ya daktari au ya ustawi wa jamii inayoeleza kwa nini ni shule hii na si nyingine.

Reception (darasa la kuanzia la shule ya msingi) hadi mwaka wa 2 ni habari tofauti. Sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na kikishafikiwa unashinda kwa nadra: mpaka uonyeshe kwamba vigezo vilikosewa na mtoto akapoteza nafasi yake, au uamuzi wa kumkatalia haukuwa wa busara hata kidogo. Mimi ningetafuta kosa la kipimo kabla ya kuandika kurasa za huruma.

Uamuzi huja kwa barua yenye sababu, na shule inabanwa nao. Ukishindwa kwa sababu kikao kilikiuka taratibu, lalamika: shule za halmashauri kwa msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa, akademi (shule za umma zisizo chini ya halmashauri) kwa Wizara ya Elimu. Hawakupi nafasi, ila wanaweza kutaka rufaa isikilizwe upya na jopo jingine.