Namna ya Kutunza Kipulizio cha Ebonaiti Kilichoanza Kunuka

Kipulizio cha klarineti au saksafoni, yaani sehemu ya ala inayotiwa mdomoni, kilichokaa miaka mingi kikianza kunuka kiberiti na kuacha uchungu mdomoni, wengi hudhani ni uchafu na kukimbilia maji ya moto, na hapo ndipo hukiharibu. Ebonaiti, yaani mpira mgumu ambao Nelson Goodyear alipewa hataza yake Marekani mwaka 1851, ni mpira uliopikwa pamoja na salfa nyingi mno. Mwanga, hewa na unyevu vikiuandama kwa muda mrefu, salfa iliyo juu hugeuka asidi polepole, weusi ukafifia kuwa kahawia au kijani cha zaituni, na harufu ikaanza kutoka. Kipulizio changu cha zamani kina ushahidi wake: ukifungua kishikio cha ulimi, yaani pete inayobana kijibamba chembamba cha mwanzi kinachotetema na kutoa sauti, utaona chini yake mkanda ambao bado ni mweusi tititi, kwa kuwa mwanga haukuwahi kuufikia.

Kwanza vua ulimi na kishikio chake. Osha kipulizio kwa maji ya baridi na tone la sabuni laini, ukisugua ndani kwa brashi nyororo. Kisha koroga kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika glasi ya maji baridi, ukitumbukize humo kwa dakika chache ili asidi ipoteze ukali, ukisuuze vizuri na kukikausha kwa kitambaa kivulini. Maji ya moto hugeuza rangi papo hapo, tena yanaweza kupinda bapa linalokaliwa na ulimi.

Anayetamani weusi urudi anaweza kusugua sehemu ya nje tu kwa msasa laini sana, wa namba 1500 hadi 2000, uliolowa maji ili vumbi lisipeperuke. Bapa, kingo zake na ncha visiguswe kamwe, maana hata sehemu ya mia ya milimita ikiondoka hapo, sauti hubadilika. Kwa maoni yangu, kama ladha imetulia, ni heri kuiacha rangi ilivyo.

Baada ya kupiga, futa mate, kisha hifadhi kipulizio gizani, mahali pakavu pasipo joto. Kishikio cha fedha kiwekwe mbali nacho, kwa sababu mvuke wa salfa huifanya fedha kuwa nyeusi.