Kilomita 2,000 za kwanza za BMW M2: mambo ya kupanga kabla ya kuchukua ufunguo

Kabla hujauliza meli iliyobeba gari lako inatia nanga lini, uliza ni nani atakayelitoa gari bandarini na kulipandisha Nairobi. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 480, na injini mpya ya BMW M2 inazoezwa, yaani inaendeshwa kwa uangalifu mpaka vyuma vyake vioane, kwa kilomita 2,000. Kwa hiyo karibu robo ya kazi yote inaweza kufanywa na mguu wa mtu usiyemjua, usiku, huku wewe umelala.

Mimi nilijifunza hilo kwa gari jingine, jipya kabisa. Dereva niliyetafutiwa alibisha hodi kabla ya alfajiri akitabasamu: “Bosi, nimeondoka Mombasa saa nne usiku, saa tisa niko hapa.” Saa tano, katika barabara ile yenye malori! Boneti ilikuwa bado inatoa joto la kuoka mkate. Nilishindwa hata kumgombeza, maana yeye alijua amenifanyia hisani, na nilikuwa sijamwambia neno lolote kabla hajaondoka. Siku hizi jibu langu ni moja: gari lipande kwenye lori la kubebea magari, au mwenyewe ushuke kwa treni ya SGR ukalichukue. Vyovyote iwavyo, piga picha ya mita ya kilomita gari likikabidhiwa. Hapohapo pima upepo wa matairi, kwa sababu magari ya kusafirishwa baharini mara nyingi hujazwa kupita kiasi.

Kitabu cha gari kinasema nini? Kwa M2 hii ya sasa, yenye silinda sita na tabo mbili, hadi kilomita 2,000 usivuke mizunguko 5,500 ya injini kwa dakika wala mwendo wa kilomita 170 kwa saa, usikanyage mafuta hadi chini, na ubadilishe mizunguko na mwendo mara kwa mara. Kwetu hiyo 170 haina kazi, sheria ya Kenya inaishia 110. Mizunguko 5,500 nayo ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Sharti linalowashinda wengi ni lile la mwisho, la kubadilisha mwendo.

Sababu yake iko ndani ya silinda. Kiwandani, ukuta wa silinda huchorwa mikwaruzo myembamba iliyopishana kama wavu, ili ishike oili. Ringi za pistoni zinapopanda na kushuka, ncha za mikwaruzo hiyo husagika kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta vioane. Ringi haibanwi ukutani na mkazo wake peke yake. Presha ya gesi inayowaka juu ya pistoni hupenya nyuma yake na kuisukuma nje. Ukiendesha kinyonge mno, presha ni ndogo, ringi haifanyi kazi yake, na ukuta unaweza kuwa laini kama kioo kabla ringi haijakaa. Gari la namna hiyo hubaki linakula oili. Ukilikimbiza mno nako, joto linapanda mahali ambapo vyuma bado havijazoeana.

Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaosema “ikanyage tangu siku ya kwanza,” ingawa nusu ya maneno yao ni kweli: ringi zinahitaji presha. Wanachosahau ni kwamba difu (gia za ekseli ya nyuma), beringi na gia navyo ni vipya, na hivyo havina haja na fujo zako. Wala usiazime hesabu ya jirani. Mwenye Subaru ameambiwa asivuke mizunguko 4,000 kwa kilomita 1,600, naye mwenye Porsche huambiwa asubiri hadi kilomita 3,000. Kila injini na kitabu chake.

Basi panga njia mapema. Ule mnyoosho wa kutoka Voi hadi Mtito Andei ni mtamu kwa abiria, lakini kwa injini mpya ni mbaya: gia ileile, mwendo uleule, saa nzima. Ikikubidi kupita huko, panda na ushuke, mara 80, mara 100, ukibadilisha gia bila kusubiri gari likuombe. Mimi ningependa zaidi Jumapili asubuhi na mapema, kabla malori hayajajaa: Nairobi, Limuru, uteremke bondeni hadi Mai Mahiu, ufike Naivasha, kisha urudi. Wakati wa kupanda, tumia gia ya tatu au ya nne, pedeli nusu, mizunguko ikipanda kutoka 2,500 hadi 4,500, halafu uachie. Wakati wa kuteremka, acha injini ilishike gari bila kugusa mafuta. Safari tatu nne za hivyo zina faida kuliko mwezi mzima wa kwenda kazini na kukaa kwenye msongamano wa Thika Road, ambako kilomita haziongezeki lakini injini inaunguruma bure.

Asubuhi usiiwashe ukaiacha ikinguruma nje ya geti huku wewe unamalizia chai. Washa, subiri kidogo oili izunguke, ondoka polepole. Magari ya M huonyesha kwenye saa ya mizunguko kikomo ambacho husogea juu kadiri oili inavyopata moto, kifuate hicho. Maji ya rejeta hupata joto mapema kuliko oili, kwa hiyo mshale wa maji usikudanganye.

Matairi mapya huteleza, yape kilomita 300. Breki na klachi, 500. Hadi hapo weka nafasi kubwa mbele yako na usisimame kwa kishindo, isipokuwa mtu amekukatia njia.

Petroli, weka yenye oktani ya juu kabisa inayopatikana, na chagua kituo chenye wateja wengi. Oili je? M2 haina kijiti cha kupimia. Kipimo kiko kwenye skrini, na injini sharti iwe imepata moto. Jizoeshe kukiangalia kila wiki, na weka lita moja ya oili sahihi kwenye buti, kwa kuwa injini inayozoezwa inaweza kunywa zaidi ya kawaida.

Servisi ya kilomita 2,000 si ya kuahirisha. Inamwagwa oili ya injini na ya difu pia, maana meno ya difu yanaposagana huacha unga wa chuma, na difu haina filta ya kuushika. Weka miadi hata kabla gari halijafika, uulize kama oili ya difu ipo dukani au itaagizwa. Tunza risiti.

Na andaa jibu la marafiki. Watakuja. “Nipe nionje kidogo tu.” Kuonja kwao ni kukanyaga hadi chini taa ikigeuka kijani. Waambie ukweli, gari bado ni mwali, halitoki na wageni. Kilomita 2,000 zikishapita pia usilifungulie lote siku hiyohiyo. Hadi kilomita 5,000 mwendo unaongezwa taratibu.

Siku ya servisi, simama karibu na fundi. Mwombe amimine oili chafu ya difu kwenye chombo cheupe, ukitazame juani. Utaona kama vumbi la fedha linaelea, na hilo ni la kawaida. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, gari lisiondoke gereji.