Namna ya Kusoma Riwaya Zinazovisimulia Upya Visasili vya Kigiriki kwa Sauti ya Mwanamke

Msomaji mgeni wa riwaya hizi asianze na riwaya yenyewe, bali aanze na kurasa chache za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kwa kuwa utamu wa riwaya hizi umo katika kutambua pengo ambalo mwandishi wa leo amelijaza. Si lazima kuumaliza utenzi wake mzima wa Iliad, unaohusu vita vya Troy, wenye vitabu 24 na mishororo zaidi ya 15,000. Kitabu cha 1 na cha 19 vinatosha.

Katika kitabu cha 1, Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, anawatuma wapiga mbiu wawili wakamchukue Briseis, mwanamke mateka wa shujaa Achilles, naye Homer anatuambia tu kwamba aliondoka nao shingo upande. Kwa Kigiriki hilo ni neno moja. Lipigie mstari kwa penseli, kisha nenda kitabu cha 19, ambako Briseis anaulilia mwili wa Patroclus, rafiki mpendwa wa Achilles, na kukumbuka kwamba Achilles ndiye aliyemuua mumewe. Wanawake wengine wanaitikia kilio chake, kwa nje wakimlilia Patroclus, lakini kila mmoja akiyalilia yake.

Sasa fungua The Silence of the Girls ya Pat Barker (2018), inayosimuliwa kwa sehemu kubwa na Briseis, na uangalie neno lile moja limezaa nini. Zingatia pia sura ambazo masimulizi yanamwacha Briseis na kumfuata Achilles. Wapo watakaoziona kuwa ni kasoro, ila mimi naona zinamkumbusha msomaji jinsi ilivyo vigumu kuinyang'anya hadithi hii kwa shujaa wake.

Circe ya Madeline Miller (2018), inayomhusu mungu wa kike mchawi wa jina hilo, ni nyepesi zaidi, na kitabu cha 10 cha Odyssey, utenzi mwingine wa Homer kuhusu safari ya Odysseus kurudi nyumbani, kinatosha kuitangulia.

The Penelopiad ya Margaret Atwood (2005) ni fupi, lakini isisomwe kabla ya kitabu cha 22 cha Odyssey, ambamo wajakazi kumi na wawili wa nyumba ya Odysseus wananyongwa kwa kamba ya merikebu, nao Homer anawafananisha na ndege walionaswa, miguu ikitapatapa kidogo tu. Atwood anampa Penelope, mke wa Odysseus, nafasi ya kujieleza kutoka kuzimu, huku wajakazi wakimkatiza kwa nyimbo. Usimwamini Penelope upesi: kila anapowataja wajakazi hao, rudi nyuma usome tena wimbo wao uliotangulia, ndipo uamue anajitetea dhidi ya nani.