Shahada ya uhifadhi wa mazingira kwa kijana wa Nyanda za Juu Kusini: namna ya kuipata kwa gharama unayoimudu

Aliyekulia Mufindi katikati ya mipaina, au Mbarali ambako Ruaha Mkuu hukatika maji kiangazi, hana haja ya kuelezwa kwa nini nchi inahitaji wahifadhi. Anachohitaji ni kujua asome nini, wapi, na fedha zitoke wapi. Wengi hukwama kwa sababu huchagua chuo kwanza, kozi wanaipata kwa kubahatisha, na kazi wanaifikiria siku ya mahafali. Anza na kazi.

Uhifadhi una milango mingi na kila mlango una cheti chake. Ukitaka misitu, soma misitu: waajiri ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), ambao shamba lao la Sao Hill liko hapo Mufindi, halmashauri, na kampuni za miti za Iringa na Njombe. Ukitaka wanyamapori, soma usimamizi wa wanyamapori: waajiri wakubwa ni Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Kumbuka kwamba TANAPA, TAWA, TFS na Mamlaka ya Ngorongoro zimo kwenye mfumo wa Jeshi la Uhifadhi, kwa hiyo matangazo yao ya kazi huweka kikomo cha umri na huangalia afya na ukakamavu. Ukipoteza miaka mitatu kwa kuhamahama kozi, mlango huo unaweza kufungwa hata kama ufaulu wako ni mzuri.

Mlango ambao vijana wengi wa kwetu hawauoni ni wa tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitaka miradi mingi ifanyiwe tathmini hiyo kabla ya kuanza: migodi ya Chunya, viwanda, barabara, mabwawa. Hapo ndipo shahada ya sayansi na usimamizi wa mazingira inapolipa. Halafu yapo maji. Bodi tatu za maji za mabonde zina makao makuu huku huku kwetu: Rufiji iko Iringa, Ziwa Nyasa iko Tukuyu, Ziwa Rukwa iko Mbeya mjini.

Ukishajua mlango, chuo hakisumbui sana kukipata. Kwa Nyanda za Juu Kusini tunaanza na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ina shahada za misitu, usimamizi wa wanyamapori, na sayansi na usimamizi wa mazingira, ni chuo cha umma, na kiko kwenye barabara yetu kuu: kama kilomita 300 kutoka Iringa, zaidi ya 600 kutoka Mbeya. Kina pia misitu ya kufundishia, ukiwemo Mazumbai kule Usambara na mwingine Olmotonyi, Arusha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi ya wanyamapori na uhifadhi, na upande wa sanaa kina jiografia na mazingira. Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha uhandisi wa mazingira pamoja na sayansi ya mazingira. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi tangu 1963 na jina lake linajulikana kwa kila mwajiri wa wanyamapori. Ulinganishe tu ada na nauli yake kabla ya kuamua. Aliye kazini tayari, au mwenye familia asiyeweza kuhama, ana Chuo Kikuu Huria chenye shahada ya masomo ya mazingira na vituo Mbeya na Iringa. Huko ada hulipwa kwa kozi unayosajili, na hukodi chumba mjini. Lakini Huria inahitaji mtu mwenye nidhamu ya kusoma peke yake saa kumi alfajiri. Kwa kijana aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita hatuishauri, ila kama hana njia nyingine.

Upande wa alama, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla isiyopungua pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha kwenye kizingiti, na kizingiti ni kuruhusiwa kuomba tu, nafasi zinagombaniwa. Kosa la kila mwaka ni hili: mwenye HGE (historia, jiografia, uchumi) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza) anaomba misitu na wanyamapori ambako biolojia inatakiwa, anakosa dirisha la kwanza la maombi lote. CBG (kemia, biolojia, jiografia) na PCB (fizikia, kemia, biolojia) ndizo zinazofungua milango mingi. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huo kwenye tovuti ya TCU, tafuta kozi yenyewe, soma mstari wa sifa neno kwa neno. Mwongozo wa mwaka jana usiutumie, sifa hubadilika.

Alama zikiwa hazitoshi, stashahada ni njia halali na mara nyingi ya bei nafuu. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Mweka, Chuo cha Nyuki Tabora, na kwa walio upande wa Ruvuma, Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo, vyote hufundisha ngazi za kati. Ukimaliza stashahada kwa GPA ya 3.0 au zaidi, na una angalau ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, unaweza kuomba shahada. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.

Sasa fedha. Watu huuliza ada na kuishia hapo, wakati ada si ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani. Kwenye vyuo vya umma shahada hizi huwa kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Piga hesabu nzima. Tuchukulie ada ya 1,300,000. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 na ada ya ubora ya TCU 20,000. Chakula: mwaka wa masomo una wiki kama 34 ukijumlisha mitihani, yaani siku 238, kwa 5,000 kwa siku ni 1,190,000. Hapo umeshafika 2,560,400 na hujalala popote. Weka hosteli au chumba, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, steshonari, kisha vifaa vya fildi: buti za mvua, koti la mvua, dira, kanda ya kupimia. Zidisha kwa miaka mitatu. Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi mezani, mzazi na mtoto wakiwa pamoja, kabla ya kubofya kitu chochote.

Kwa mzazi mkulima, angalia pia fedha inaingia lini. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mwenye viazi au mahindi aweke fungu la chuo pembeni siku ya kuuza, kwa sababu mahindi yanayouzwa kwa haraka wiki ya kusajili huuzwa kwa bei ya mnunuzi. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Uliza awamu ya kwanza ni kiasi gani na ya pili inadaiwa lini, maana vyuo vingine humnyima namba ya mtihani aliyebaki na deni.

Bodi ya Mikopo (HESLB) ndiyo tegemeo la wengi, na wanaokosa kwa makaratasi ni wengi kuliko inavyopaswa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza. Hiyo huchukua siku, kwa hiyo ianze mapema, hata kabla ya matokeo kutoka. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Tatizo tunalolikuta sana huku kwetu ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Sanga, cha kidato cha nne kinasema Nsanga, au jina la babu limeruka. Mfumo hauwezi kubahatisha kwamba ni mtu mmoja. Nenda kwa wakili au mahakamani upate kiapo kinachounganisha majina hayo, na ukifanye kabla ya dirisha kufunguliwa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayotumia Bodi iwe ile ile unayoombea chuo. Aliyerudia mtihani ajaze namba zote. Kaya iliyo TASAF iandike namba yake, ni ushahidi mkubwa wa uhitaji. Fomu ikichapwa, isainiwe na mwombaji, mdhamini, mtendaji au kiongozi wa serikali ya mtaa, na wakili, kisha kurasa zilizosainiwa zipandishwe tena kwenye mfumo. Wengi husahau hatua hii ya mwisho. Wanaona wamelipia maombi, wanatulia, na maombi yao hayajakamilika. Ukipewa asilimia ndogo, dirisha la rufaa lipo. Peleka ushahidi mpya, malalamiko matupu hayasaidii. Na mtoto ajue tangu mwanzo kwamba ni deni: akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Bei nafuu haina maana kama kozi ni ya ubaoni tu. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na waliokuwa wamejipanga kuingia huko ilibidi waanze upya kutafuta. Kwa hiyo jina la kozi, si la chuo peke yake, liwepo kwenye mwongozo wa mwaka unaoomba. Ukiridhika hapo, piga simu idarani, au mpate mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umuulize maswali yenye majibu ya namba. Mwaka jana mlikwenda fildi siku ngapi, na nani alilipa usafiri? Kila mwanafunzi alishika kifaa cha kupimia kipenyo cha mti kwa mkono wake, au mmoja alipima na thelathini wakatazama? Mmefundishwa ramani za kompyuta kwa vitendo, na kompyuta zilikuwa ngapi? Waliomaliza mbele yenu wako wapi? Anayejibu kwa kutaja sehemu na siku amesoma kweli. Anayesema "tulisoma vizuri tu" umeshamwelewa.

Shahada ya mtandaoni ya nje inayotangazwa kwa punguzo, usilipe shilingi kabla ya kuuliza TCU kama cheti chake kitatambuliwa hapa nchini.

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu ni sehemu ya masomo na ni mahali pa kuokoa fedha. Wengi huomba Dar au Arusha kisha wanakodi chumba miezi miwili. Wewe omba nyumbani: Sao Hill, Hifadhi ya Kitulo, msitu wa Mlima Rungwe anakoishi nyani adimu aitwaye kipunji, Ruaha, au ofisi za mabonde tulizozitaja. Unalala kwenu na unajulikana na watu wanaoajiri hapa. Barua ipelekwe miezi mitatu kabla, kwa mkono ikiwezekana, na upate nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Jambo moja la ratiba linawaponza wengi. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai, na maombi ya vyuo na mikopo hufanyika katikati ya miezi hiyo hiyo ambayo kijana yuko JKT, Mafinga, Itende au mbali zaidi, bila simu. Kabla hajaondoka, mtu mmoja wa nyumbani aachiwe bahasha yenye nakala za vyeti, picha ndogo, namba ya NIDA, namba ya mtihani, orodha ya kozi kwa mpangilio waliokubaliana, na nywila zilizoandikwa kwa herufi zinazosomeka. Namba ya simu itakayojazwa iwe ya mtu huyo. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa msimbo wa uthibitisho kwa ujumbe wa simu, na unatakiwa kuingizwa kwenye mfumo wa chuo kimoja ndani ya siku chache. Laini ikiwa imezimwa ndani ya begi kambini, nafasi hiyo inapewa mwingine.