Kuchagua pikapu mpya za gitaa la umeme: pima kwanza, nunua baadaye

Wapiga gitaa wanaoniletea kazi hapa Mwanza, wawe wa bendi za dansi au wa kwaya, wengi huanza na swali lile lile: "Fundi, nichukue pikapu gani?" Pikapu ni kile kifaa chenye sumaku na koili ya waya, kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Nami huwauliza: unapiga muziki gani, bendi yako ina magitaa mangapi, na hilo gitaa lina nini ndani sasa hivi? Pikapu inayomfaa mpiga solo wa rumba inaweza kumharibia kazi mpiga roki. Kuagiza kutoka Dar es Salaam au ng'ambo ni gharama, na kurudisha ni taabu, hivyo fikiri vizuri kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa uko kwenye pikapu

Funga nyuzi mpya kwanza. Nyuzi zilizochoka na kushika kutu hufanya pikapu yoyote isikike kama imefunikwa na blanketi. Kisha sikiliza mngurumo. Ukigusa nyuzi au daraja (chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini) mngurumo ukapungua, ujue gitaa linahitaji kuzibwa vizuri ndani kwa karatasi ya shaba au ya aluminiamu iliyounganishwa na ethi (waya wa ardhi). Ukigusa ukaongezeka, huenda waya wa ethi wa daraja umekatika, au waya mbili za jeki (tundu la kebo) zimegeuzwa. Hapo dawa ni pasi ya kuchomelea waya kwa risasi na dakika chache za kazi.

Sasa simama pale pale, ujizungushe taratibu huku umeshika gitaa. Kama mngurumo unapanda na kushuka kadiri unavyogeuka, koili inanasa sumaku ya transfoma au nyaya za umeme zilizo karibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ndio huo unaousikia. Hili kuziba kwa karatasi hakuliponyi; hapa kubadili pikapu kuna maana.

Hatua ya 2: Pima iliyopo

Unahitaji mita ya kawaida ya mafundi redio. Huna haja ya kufungua gitaa. Chomeka kebo, fungua volyumu na toni mpaka mwisho, chagua pikapu moja kwa swichi, kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha plagi na nyingine kwenye shina lake. Mita iwe kwenye kilo omu 20 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya).

Pikapu ya koili moja ya aina ya Stratocaster (gitaa la kampuni ya Fender) husoma kama kilo omu 5.5 hadi 6.5. Hambaka (pikapu ya koili mbili) ya mtindo wa zamani husoma kama 7 hadi 9, na zile za nguvu hufika 13 na kupita. Mita ikikataa kusoma, panda kipimo cha juu. Ukiona kilo omu 250 au 500, unachosoma ni kontroli ya volyumu yenyewe: ama koili imekatika ndani, ama waya wake umeachia. Angalia waya kwanza, maana huo hurudishwa kwa risasi.

Namba hizi zisikudanganye. Wauzaji hupenda kuzitangaza kana kwamba kubwa ndiyo bora, na hilo linawapotosha vijana wengi. Waya mwembamba huongeza omu bila kuongeza sauti. Pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa jingine la Fender, husoma zaidi ya ile ya Stratocaster, lakini ni ya upole. Tumia omu kulinganisha pikapu za aina moja tu, na ukumbuke kwamba kadiri mizunguko ya waya inavyozidi, sauti inapata nguvu na midi (sauti za kati), huku trebo (sauti kali za juu) ikipungua.

Hatua ya 3: Linganisha na kazi ya gitaa lako

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Kama unapiga solo ya dansi, sauti yako inaishi juu ya freti ya 12, safi, ikipita katikati ya rizimu, besi na tarumbeta. Chukua koili moja isiyo na nguvu nyingi, yenye sumaku ya aina ya alniko 5, karibu kilo omu 6. Hambaka ya kilo omu 14 itakupa midi nyingi, na midi hiyo itagombana na gitaa la rizimu. Mpiga rizimu naye anahitaji wepesi huo huo, ila ategemee zaidi pikapu ya shingoni.

Kwa kwaya, ambako spika ziko karibu, taa ni nyingi na kuna nyakati za kimya, mimi napendekeza hambaka ya kilo omu 7.5 hadi 8.5. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliombea hataza ya hambaka yake mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hili hili la mngurumo: koili mbili zilizogeuzwa huua mngurumo lakini huacha sauti ya nyuzi. Alniko 2 ni laini zaidi, alniko 5 inachoma kidogo. Sumaku za seramiki na koili nene waachie wanaopiga roki na distoshoni. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 ni tulivu sana, ila zinadai kontroli zake maalumu, na betri ikiisha katikati ya harusi huna sauti.

Hatua ya 4: Vipimo vya kuingia

Pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale pikapu itakapokaa. Karibu milimita 50 ni nafasi ya Gibson. 52 hadi 53 ni ya Fender. Pima na kina cha shimo. Kontroli ya volyumu: kilo omu 250 kwa koili moja, 500 kwa hambaka. Ukiweka hambaka kwenye 250, trebo itapotea, halafu utailaumu pikapu bure.

Hatua ya 5: Kufunga

Piga picha ya waya kabla hujakata chochote. Usiamini rangi, maana kila kampuni ina zake: kwa Seymour Duncan waya wa sauti ni mweusi na wa ethi ni wa kijani, kwa DiMarzio wa sauti ni mwekundu. Fuata mchoro wa aliyeitengeneza. Ukichanganya pikapu mpya na ya zamani, na zikipiga pamoja sauti ikawa nyembamba kama ya redio ndogo, zinapingana. Kwa koili moja isiyo na kifuniko cha chuma, badilisha nafasi za waya zake mbili.

Hatua ya 6: Urefu

Bana uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho. Kwa hambaka, acha nafasi ya kama milimita 2 kati ya uzi na pikapu ya darajani, na 2.5 hadi 3 kwa ya shingoni. Koili moja ya alniko 5 ishushe zaidi ya hapo, hasa upande wa nyuzi nene, kwa sababu sumaku yake huvuta nyuzi na noti za juu huanza kuyumba kama zimetoka tyuni. Shusha robo mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja, ukipiga uzi wa sita kwenye freti ya 15, mpaka kuyumba kukome.