SOMO: Kupiga picha za ndege na wanyama springi inapoingia Sherburne (hata kama una simu tu)

Habari zenu wadau. Wengi mmeniuliza zile picha za korongo nilizoweka humu nilipigia wapi, wengine mkadhani nimeshuka nyumbani Kenya kimya kimya nikapitia Naivasha. Hapana jamani, ni hapa hapa Minnesota, hifadhi ya Sherburne karibu na Zimmerman, ukitoka Minneapolis unaendesha kama saa moja hivi kwenda kaskazini magharibi. Na kuingia ni bure. Hakuna geti, hakuna dola kwa kila kichwa, hakuna pesa ya gari.

Mimi si mtaalamu, niwaambie mapema. Nafanya shifti za usiku, kamera ni Canon mtumba na lenzi ya 400mm niliyolipa polepole. Ila springi hii ni ya nne naenda pale, makosa nimeshayafanya yote, kwa hivyo nyinyi fanyeni mengine.

HATUA YA 1: Jua nani anafika lini

Springi ya huku haiji siku moja, na ukingoja mpaka majani yawe ya kijani umeshachelewa. Mwezi wa tatu barafu kwenye mabwawa inaanza kupasuka, na pale maji yanapoonekana tu, bata bukini na bata maji wakubwa weupe wameshatua. Halafu wanaingia wale ndege weusi wenye mabega mekundu, madume wanatangulia kushika viwanja, majike baadaye. Mwisho wa Machi korongo. Aprili vyura wadogo wanaanza, sauti yao ni kama mtu anapitisha ukucha kwenye meno ya kitana, sasa wazidishe mara elfu. Mara ya kwanza nilidhani ni gari langu lina shida nikazima injini kusikiliza.

Barabara ya magari, Prairie's Edge Wildlife Drive, ni maili 7.3 ya changarawe na unaenda upande mmoja tu. Inafungwa winta na inafunguliwa springi ikishakolea, kwa hivyo angalia tovuti yao kabla hujachoma mafuta. Ukikuta bado imefungwa, kuna njia za miguu, Blue Hill na Mahnomen. Usitoke nje ya njia, maana kuanzia Machi hadi Agosti ni wakati wa ndege kutaga na kulea.

HATUA YA 2: Fika gizani

Mwisho wa Aprili jua linatoka kama saa kumi na mbili na dakika chache. Wewe uwe umeshapaki. Asubuhi ya baridi, yule ndege wa mabega mekundu akiimba juu ya tete, jua likiwa nyuma yake, pumzi inamtoka mdomoni kama moshi wa chai. Hiyo ndio picha kila mtu anaitafuta, na inadumu dakika ishirini hivi kisha hewa inapata joto na mchezo umekwisha. Kaa upande ambao jua liko mbele yako na yeye yuko katikati, nyuma yake pawe na kitu cheusi, kama miti, ndio ule moshi uonekane.

HATUA YA 3: Gari ndio maficho yako, TULIA

Hapa ndio somo lenyewe, hayo mengine ni chumvi tu.

Sisi tumezoea Nakuru au Mara, dereva anaambiwa kwa redio simba yuko wapi, gari linakimbizwa mpaka pale. Mwaka wangu wa kwanza Sherburne nilifanya vile vile. Nikiona kitu mbele nakanyaga mafuta, nafunga breki, nashuka, nafunga mlango paa, nanyanyua kamera. Nilirudi nyumbani na picha 600, nikawaonyesha watoto, kijana wangu akaniuliza, "Baba, mbona hawa ndege wote wamekupa mgongo?" Alikuwa anasema kwa adabu tu, yalikuwa ni matako matupu.

Ndege hawaogopi sana gari, wanaogopa umbo la mtu na kelele za ghafla. Kwa hivyo chagua sehemu moja nzuri kwenye maji, paki pembeni, zima injini, zima na hita, teremsha kioo, kaa. Dakika 30, hata 40. Hita na kioo kilichofungwa vinaharibu picha, ile hewa moto ya ndani ikikutana na baridi ya nje picha inatoka kama umepigia juu ya jiko. Chukua mfuko wa kitambaa ujaze mchele au maharage, uweke juu ya mlango pale kioo kimeshuka, kamera ilale hapo. Mimi natumia mguu wa suruali ya jinzi ya zamani nimeshona huku na huku, na kilo mbili za maharage. Stendi ya duka ya nini.

Dakika ya kumi na tano hivi wanakusahau. Springi iliyopita korongo wawili walitoka kwenye nyasi wakaja mpaka mita kama 20 kutoka kwangu. Huyu korongo wa huku ni wa kijivu, paji la uso jekundu, kimo zaidi ya mita moja, si yule mwenye taji wa bendera ya Uganda lakini ni ndugu. Mmoja akainama akachota tope na majani yaliyooza kwa mdomo, akaanza kujipaka mgongoni, taratibu, kama mtu anapaka hina, anachota tena anapaka tena. Tope la pale lina chuma, ndio maana wakati huu unawaona wana rangi ya kutu mgongoni na shingo imebaki kijivu. Kisha akanyoosha shingo juu akapiga ile kelele yao, na mwenzake akamjibu. Sauti hiyo unaisikia maili kadhaa, kwa sababu koo la hewa ni refu na limejikunja ndani ya mfupa wa kifua kama baragumu. Mimi mikono inatetemeka, nusu ya picha nimekosa fokasi. Sijali.

HATUA YA 4: Seti za kamera, haraka haraka

Ndege anayeruka: spidi ya shata 1/2000 ya sekunde, akiwa ametulia hata 1/500 inatosha. ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) weka oto, usiogope chengachenga, picha yenye chenga ina nafuu kuliko picha iliyotikisika. Fokasi weka ile ya kufuata (Canon ni AI Servo, Nikon na Sony ni AF-C), na ilenge jicho, jicho likiwa kali mengine yanasameheka.

Bata maji ndio mtihani. Ni mweupe kabisa na maji ni meusi, ukiachia kamera iamue anatoka kama shuka iliyolowekwa kwenye Jik, huoni unyoya hata mmoja. Shusha mwanga kwenye ile seti ya +/-, weka -0.7 au -1. Bado kuna theluji kila mahali? Fanya kinyume, panda +1, la sivyo theluji inakuwa kijivu. Na muheshimuni yule ndege, ana kilo 11 na zaidi, na Minnesota walikuwa wamemalizwa kabisa kwa kuwindwa kufikia miaka ya 1880. Walirudishwa kuanzia miaka ya 1960, baadaye miaka ya 1980 yakaletwa mayai kutoka Alaska.

HATUA YA 5: Vitu vidogo vinavyoharibu siku

Betri ya pili ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazinyonya. Ukirudi nyumbani usitoe kamera hapo hapo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki iache ipate joto polepole, la sivyo lenzi inatokwa jasho. Na kupe! Barafu ikiisha tu wapo, na wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, kwa hivyo ukitembea kwenye nyasi chomeka suruali ndani ya soksi, na nyumbani jikague mpaka nyuma ya magoti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (dada wa Shakopee): Mimi nina simu tu, nisijisumbue?
Jibu: Jisumbue. Tafuta darubini ya kawaida, egemeza simu kwenye tundu moja la macho, sogeza polepole mpaka duara lijae, kisha zumu kidogo. Inachukua mazoezi, anza na kunguru wa parking. Na video mchukue, korongo wakicheza ile ngoma yao ya kurukaruka video inashinda picha.

Swali: Sina gari na Uber mpaka huko ni mshahara.
Jibu: Nenda Minnesota Valley, Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Panda treni ya Blue Line, shuka American Boulevard, unatembea kidogo unafika kituo cha wageni. Ndege za abiria zitakupigia kelele lakini tai wenye kichwa cheupe wapo, na wale ni binamu wa huyu wetu mla samaki wa Naivasha, hata mkao wa kwenye tawi ni ule ule.

Swali: Niko na app ya Merlin, naweza kupiga sauti ya ndege ili aje karibu?
Jibu: Merlin itumie kusikiliza na kukuambia nani anaimba, hapo ni dawa. Kumchezea sauti usifanye. Dume anadhani kuna mwenzake amevamia kiwanja, anaacha kula anatafuta vita na simu yako. Na droni pia sahau, hairuhusiwi.

Swali (baba wa watoto watatu, Brooklyn Park): Nilisikia kuna watu wanawinda ndani ya hifadhi, hii ni hifadhi gani sasa?
Jibu: Hata mimi ilinishangaza, sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Huku sheria inaruhusu kwa msimu na kwa leseni, zaidi ni vuli. Watoto wako wapeleke tu, wape kazi ya kuhesabu kobe wa maji waliojipanga juu ya magogo wakiota jua, utapata saa nzima ya amani.

Swali: Wale mbayuwayu wanaokuja Aprili ndio wale wanaotoka kwetu?
Jibu: Swali zuri, na mimi nilikuwa nawaambia watu ndio, kumbe nawadanganya. Ni ndege yule yule kwa jina na sura, lakini wa kwetu wakiondoka Machi na Aprili wanaenda Ulaya na Asia. Hawa wa Minnesota winta walikuwa Amerika ya Kusini. Kwa hivyo usimsalimie kwa Kiswahili, jaribu Kihispania.