Somo: Kuhakiki filamu za vita na tamthilia za siasa zenye presha

Uhakiki mwingi unaishia "muvi kali, steringi anapambana." Msomaji haambulii kitu. Mwonyeshe roho juu inatoka wapi.

Hatua ya 1. Tazama mara mbili: kwanza mikono mitupu, kisha na daftari, ukiandika dakika ya kila tukio lililokubana. Epuka nakala iliyotafsiriwa na DJ, maana sauti yake hufunika ukimya, na kwenye filamu hizi ukimya ndio unaokaza kamba. Masika ya huku Mbeya mvua ikipiga bati, vaa hedifoni.

Hatua ya 2, na hapa ndipo penye kazi. Kwa kila dakika uliyoandika, jiulize: nani anajua nini, na nani hajui? Chukua Eye in the Sky (2015), kuhusu shambulio la ndege isiyo na rubani jijini Nairobi. Binti mdogo kaweka meza ya mikate kando ya nyumba inayolengwa, hana habari. Wakubwa London wanamwona kwenye skrini huku wakibishana sheria. Wewe unajua yote na huwezi kumwita. Presha iko kwenye mikate ambayo haijaisha mezani. Andika hivyo, utakuwa umehakiki.

Hatua ya 3. Angalia muda unavyopangwa. Dunkirk (2017) inasuka wiki moja ufukweni, siku moja baharini na saa moja angani. Eleza kama msuko huo unakubana au unakupoteza.

Hatua ya 4. Andika maneno 500 hivi. Kisa kisizidi robo, na usivuke katikati ya filamu.

MASWALI

Mkuu, kibanda umiza cha mtaani kwetu Mwanjelwa kinaonyesha zilizotafsiriwa tu. Niache?
Usiache. Sema wazi umetazama nakala hiyo, kisha hakiki picha, uigizaji wa nyuso na uhariri. Mazungumzo na muziki usivihukumu, hujavisikia sawasawa.

Tamthilia ya vipindi 10 nihakiki kimoja kimoja?
Hakiki msimu mzima, ila taja kipindi kilipolegea. Mara nyingi ni katikati: msaliti mpya anazuka bila dalili yoyote huko nyuma. Rudi vipindi vya mwanzo utafute dalili. Ukikosa, hilo ni kosa la mwandishi, liseme.

Na msaliti nimtaje?
Hapana. Taja kama dalili zilitosha, basi.